Njia ni Safi, Afande

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Redio alimpelekea babu yake mguu.

Mguu wenyewe ulikuwa wa bandia. Usiku ulisimama karibu na mlango ukiwa umevaa kiatu chake kabisa. Babu aliupa jina la Mgeni, kwa sababu ulifika nyumbani yeye akiwa tayari mtu mzima na ulikuwa hauruhusiwi kulala kitandani. Kipande cha mguu kilichobaki chini ya goti lake la kushoto alikiita Mfupi. Kazi ya Redio ilikuwa kumpaka Mfupi poda, kumvisha soksi yake nene, kisha kumkaribisha Mgeni na kufunga mikanda.

"Mgeni amekaa?" babu aliuliza kila siku.

"Amekaa, babu."

"Haya, twende kazini."

Kazi ya babu ilikuwa kushona viatu kwenye kibanda kidogo mbele ya nyumba yao. Watoto wa mtaani walimtania kwamba fundi viatu mwenye mguu mmoja anapata nusu faida. Naye aliwajibu kwamba Mgeni ni mteja mzuri kuliko wao wote, maana tangu aanze kuvaa viatu hajawahi kulalamika kwamba vinambana.

Redio lilikuwa jina la utani. Babu ndiye aliyempa mjukuu wake huyo wa kike jina hilo, kwa kuwa tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza, na hata akilala alikuwa akitangaza. Babu naye mtaa mzima ulimwita Sajini, kwa sababu hicho ndicho cheo alichostaafu nacho jeshini. Jeshini ndiko alikouacha mguu wake.

Redio aliijua habari hiyo kwa moyo. Wakati wa vita, kikosi cha babu kilitaka kupita kwenye njia ya msituni. Kamanda akamtuma askari mmoja kijana atangulie kuikagua. Yule kijana alifika katikati, woga ukamshika, akageuka. Aliona haya kusema kwamba hakufika mwisho. Alisimama wima mbele ya kamanda, akasema, "Njia ni safi, afande." Babu ndiye aliyekuwa mbele kikosi kilipoanza kupita.

"Bomu lilitegwa na adui," babu alikuwa akisema kila anapomaliza, "lakini mguu wangu ulikatwa na yale maneno manne."

Sasa babu alikuwa amezeeka na kukonda, na Mgeni alikuwa amelegea. Babu akitembea, Mgeni alimsugua Mfupi. Kwanza pakawa pekundu, kisha pakachubuka, na hatimaye pakafanya kidonda. Redio alikigundua kidonda hicho alipoona soksi ina damu na usaha.

"Babu, tumwambie mama."

"Mama yako ana mambo mengi. Hii ni siri ya kijeshi. Redio, zima."

Redio akazima, ingawa siri ile ilimkaa kooni. Babu alikuwa na soksi mbili za Mfupi, na kila jioni Redio alifua moja. Lakini Ijumaa moja hakufua. Marafiki zake walikuwa wakiruka kamba uani, na kamba haisubiri mtu. Aliiviringisha soksi chafu, akaisukuma hadi chini kabisa ya mkoba wake wa shule.

"Umefua?" babu aliuliza baadaye.

"Nimefua, babu," Redio alijibu bila hata kupepesa macho.

Jumamosi yake ilikuwa siku ya bodi. Kila baada ya muda, askari wastaafu waliolemazwa vitani waliitwa mbele ya bodi ya madaktari ili wapimwe upya. Babu alikuwa na malipo ya aina mbili. Pensheni yake ilikuwa ya utumishi, na hiyo hakuna aliyeigusa. Pembeni yake kulikuwa na posho ya ulemavu, na posho hiyo ndiyo iliyonunua dawa, pamba na poda, na ndiyo iliyomtengeneza Mgeni alipoharibika. Bodi iliyopita ilikuwa imeandika kwamba ulemavu wa babu ni mdogo. Posho ikapunguzwa, na ombi lake la mguu mpya likakataliwa. Safari hii ilitangazwa kwamba watakaoonekana tena kuwa na ulemavu mdogo wataondolewa kabisa kwenye posho.

"Walikuonea, baba," mama yake Redio alisema huku akifunga kitambaa kichwani. Alikuwa mshonaji katika karakana ya sare za shule, na siku hiyo alikuwa amenyimwa ruhusa kazini. "Mtu hana mguu, wao wanasema ulemavu mdogo! Mdogo wa nani?"

"Ndivyo walivyoamua," babu alisema, akaangalia pembeni.

Mama akamgeukia Redio. "Leo utakwenda naye. Sikiliza kila neno. Mtu akimdhulumu babu yako, niambie ni nani."

Redio alifurahi sana kupewa kazi ya kusikiliza, ingawa wote nyumbani walijua kwamba hakuwa na uzoefu nayo.

Babu alijitengeneza kama mtu anayekwenda kukaguliwa na mkuu wa majeshi. Alinyoa ndevu, akavaa koti lake la zamani, akabandika nishani kifuani na kusugua viatu vyote viwili hadi vikang'aa. Redio alitia kadi ya pensheni na chupa ya maji kwenye mkoba wa shule, wakaondoka. Babu alitembelea gongo.

Ofisi ya askari wastaafu haikuwa mbali, lakini safari ilichukua muda. Babu alisimama kwenye duka la sufuria, akazitazama kwa makini. Mbele kidogo akasimama kwenye duka la nguo za watoto wachanga.

"Babu, unataka kununua nguo ya mtoto?"

"Naangalia ushonaji tu," babu alisema, jasho likimtiririka usoni. Mwenye duka, mama mnene mwenye kicheko, alimkaribisha ndani. Babu akasema hapana, asante, ana haraka.

Walipofika kwenye lango la ofisi, babu akamkabidhi mlinzi gongo lake.

"Nitunzie hili, mwanangu. Nitalichukua nikitoka."

"Babu, bodi iko ghorofani!" Redio alisema.

"Nimeona ngazi. Sijapofuka."

Akapanda ngazi zile akishika ukuta, akiuma meno, na kila hatua Mgeni aligonga sakafu, ko, ko, ko. Redio alipanda nyuma yake akiwa amenyoosha mikono. Hakujua angefanya nini kama babu angeanguka, maana babu alimzidi uzito mara kadhaa.

Juu kulikuwa na mabenchi yaliyojaa wastaafu. Babu aliketi karibu na mwanamume aliyefungwa bandeji kichwani, mkononi na kwenye mguu wa kulia, akiguna kama mgonjwa mahututi. Mtu huyo alimwangalia babu kuanzia viatu hadi nishani, akaacha kuguna.

"Mzee, umekuja kupimwa au umekuja kuoa?"

"Nimekuja kuripoti," babu alisema.

"Kwa suti hiyo watakuandikia nafasi ya kurudi jeshini." Yule mtu, ambaye Redio alimpa palepale jina la Bwana Bandeji, akamwinamia Redio na kumnong'oneza, "Mwambie babu yako avue hizo nishani. Atambae kidogo. Amwage machozi. Aseme na macho hayaoni. Mimi nilikuwa mpishi tu kambini, nyuma ya mizinga, lakini ukiniona hivi utadhani niliuparamia mzinga wenyewe."

Mara pakatokea muuza chai mlangoni. Bwana Bandeji aliweka fimbo yake mapajani mwa Redio, akaruka benchi, akakimbia kuwahi kikombe. Askari wa mlangoni alimwangalia akienda, akamwangalia akirudi.

"Unaona?" babu alisema kwa hasira. "Mtu mzima anadanganya mchana kweupe. Mimi tangu nizaliwe sijatoa ripoti ya uongo."

Muda si mrefu Bwana Bandeji akaitwa. Alipotoka bandeji zote zilikuwa mkononi, zimekunjwa vizuri, naye alikuwa akitembea sawasawa, akitazama sakafu. Kisha babu akaitwa.

Ndani kulikuwa na meza ndefu, madaktari wawili na karani. Daktari aliyekaa katikati alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, na chini ya koti lake jeupe lililokuwa wazi zilionekana alama za cheo cha Meja. Babu alipoziona alama zile alibadilika. Mgongo ukanyooka, kidevu kikapanda, visigino vikagongana. Akapiga saluti iliyotikisa nishani zote.

"Pumzika, mzee. Keti," Meja alisema.

"Nitasimama, afande!"

"Hali yako vipi?"

"Nzuri, afande!"

"Unalala vizuri?"

"Fofofo, afande!"

Redio alishangaa. Usiku yeye na babu walitenganishwa na ukuta wa mbao tu, na alijua jinsi babu alivyokuwa akiguna na kugeuka kitandani.

"Unaweza kutembea umbali gani bila kupumzika?"

"Kadiri nitakavyoamriwa, afande!"

"Unatumia gongo?"

"Situmii, afande!"

Redio akakumbuka sufuria, akakumbuka nguo za watoto wachanga, akakumbuka gongo lililoegemea kibanda cha mlinzi. Hapo akaelewa yaliyotokea kwenye bodi iliyopita. Hakuna aliyemdhulumu babu. Waliandika kile alichowaambia.

"Mguu wa bandia unakutosha?"

"Barabara, afande!"

"Na kisiki cha mguu? Hakina maumivu wala kidonda?"

"Kisiki ni safi, afande!"

Meja aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Hongera, mzee. Wengi wa rika lako hawako hivi." Akamwambia karani, "Ulemavu mdogo." Karani akavuta muhuri karibu.

Redio alikuwa amefundishwa tangu akiwa mdogo sana kwamba mtoto hamkatizi mkubwa, seuze kumkanusha babu yake mbele ya watu. Tena ile ilikuwa siri ya kijeshi. Lakini aliona muhuri ukinyanyuka, akaona kidonda kile akilini mwake, akajua kwamba ukishuka tu, babu atarudi nyumbani bila dawa na bila mguu mpya, na kidonda kitaendelea kula.

"Si kweli, babu," alisema.

Chumba kizima kikamgeukia.

"Huyu mtoto tunamwita Redio, afande," babu alisema haraka, macho yakiwa bado ukutani. "Hutangaza chochote."

Redio alifungua mkoba. Alitoa chupa ya maji, akaingiza mkono hadi chini kabisa, akaitoa soksi na kuiweka mezani. Ilikuwa imekauka na kukakamaa, na doa lake la damu lilionekana wazi. Harufu nayo ilijitambulisha yenyewe.

Babu aliiangalia. "Si ulisema umeifua?"

"Sikuifua, babu. Nilikudanganya. Nilikwenda kuruka kamba." Redio alianza kulia, lakini aliendelea kusema, maana kulia hakukuwahi kumzuia kusema. "Na wewe unamdanganya afande. Babu, yule askari aliyesema njia ni safi, si ulisema hakuwa mtu mbaya? Ulisema aliona haya tu. Na wewe sasa unaona haya tu, na mguu wako unakwisha!"

Mkono wa babu, uliokuwa umebanwa pembeni mwa paja, ulilegea. Alikitafuta kiti kwa nyuma, akakaa. Bila kule kusimama wima alionekana mzee, na amechoka sana.

"Nililelewa jeshini, afande," alisema kwa sauti ya chini. "Mbele ya mkubwa wako huumwi. Nikiona cheo, mdomo unajibu wenyewe."

"Vua mguu, Sajini," Meja alisema.

"Afande, hakuna haja ya..."

"Nimeamuru."

Babu akafungua mikanda. Meja akazunguka meza, akapiga magoti sakafuni, akamshika Mfupi kwa mikono miwili. Babu aliona vibaya Meja kumpigia magoti, akataka kuinuka, lakini kwa mguu mmoja hakufika popote. Meja alikitazama kidonda kwa muda, akabonyeza pembeni, na babu akaguna.

"Hapa panauma?"

Babu akavuta pumzi. "Panauma, afande. Panauma sana."

"Asante. Hiyo ndiyo ripoti yako ya kwanza leo." Meja aliinuka. "Sajini, kidonda hiki kingeachwa, tungekuja kukukata tena, safari hii juu ya goti. Na mimi ningekuwa nimetia sahihi kwamba huna neno."

Babu aliitazama soksi pale mezani.

"Kabla yako aliingia bwana mmoja amejifunga bandeji mwili mzima," Meja aliendelea. "Nilipomfungua nikamkuta mzima. Lakini nilipozungumza naye kwa nyuma hakunisikia. Sikio lake moja lilikufa kwa mizinga, na hilo ndilo angelipwa kwa haki, ila yeye aliona aibu kuja na sikio tu. Yeye ameongeza, wewe umepunguza. Nyote wawili mmenipoteza njia. Mimi sina macho ya kuona ndani ya soksi, mzee wangu. Nategemea mnaloniambia. Posho hii si sadaka ya kuombwa kwa machozi, wala si aibu ya kufichwa kwa nishani. Uliitumikia nchi, nayo inakurudishia. Sema ukweli kama ulivyo, usiongeze, usipunguze."

"Nimeelewa, afande," babu alisema, na safari hii hakupaza sauti.

Karani aliuweka muhuri pembeni, akachukua karatasi mpya. Meja alimwandikia babu matibabu ya kidonda, akamrudisha kwenye kiwango chake cha zamani cha posho na kuagiza apimwe mguu mpya. Alimwonya kwamba mguu utachukua muda, na kwamba hadi kidonda kipone asimvae Mgeni hata kidogo.

Mlangoni babu akamgeukia mjukuu wake. Redio alifumba macho akisubiri kugombezwa.

"Kaniletee gongo langu kwa mlinzi," babu alisema. "Mwombe na la pili kama analo."

Walirudi polepole, Redio akiwa amembeba Mgeni kwapani kama mkate, wapita njia wakiwageukia. Walipofika kwenye duka la nguo za watoto wachanga, mwenye duka akacheka. "Mzee, leo umeamua kununua?"

"Hapana, mama. Mguu unaniuma. Naomba mahali pa kukaa."

Yule mama alileta kiti mara moja, na maji ya kunywa, kama vile siku zote alikuwa akisubiri kuombwa.

Babu alikaa akipumua. Kisha akasema, "Redio, asubuhi nilimcheka yule mtu wa bandeji. Nilidhani uongo ni kujiongezea tu. Kumbe hata anayeficha maumivu anadanganya, na anayeumia ni walewale wanaomtegemea. Nilikufanya ubebe siri ambayo si ya mtoto. Nisamehe."

"Na mimi unisamehe, babu. Kuhusu soksi."

"Soksi haisameheki. Ile utaifua mara mbili." Kisha akacheka, akamwekea mkono begani. "Tulikuwa waongo wawili katika nyumba moja, na mkweli wetu alikuwa soksi chafu."

Jioni hiyo babu alimweleza binti yake kila kitu yeye mwenyewe. Mama alikasirika, akalia, kisha akachemsha maji ya kusafishia kidonda. Zamu ya kukisafisha waligawana.

Kidonda kilipona pole kwa pole. Mguu mpya ulichelewa, kama Meja alivyosema, lakini ulifika, nao ulikaa vizuri. Babu alikataa kuuita Mgeni. Alisema huyu wa sasa amekuja kukaa.

Asubuhi ya kwanza ya mguu mpya, babu aliketi ukingoni mwa kitanda, akamnyoosha Mfupi.

"Haya, funga mikanda."

"Bado, babu," Redio alisema, ameshika mguu kifuani. "Ripoti kwanza."

Babu alijinyoosha, kidevu kikapanda, na mdomo ukafunguka kwa lile jibu lake la siku zote. Akaufunga. Akampapasa Mfupi kwa kidole, taratibu.

"Pamepona, afande. Ila upande wa ndani panauma kidogo baridi ikiingia."

"Vizuri. Nitaweka poda zaidi hapo."

"Na wewe? Soksi zimefuliwa?"

Redio alifungua mdomo, akaangalia chini ya kitanda, akamwangalia babu yake.

"Moja, babu. Nyingine bado."

"Ripoti imepokewa," babu alisema. "Ndoo iko uani."